Kuhesabu Hatari Kabla Haijafika



Maneno haya yalitayarishwa kwanza kwa kusikilizwa, tena kwa watu wanaoishi chini ya Nyiragongo na kando ya ziwa Kivu, upande wa Goma, Sake, Rutshuru, hata ng'ambo kule Gisenyi. Sasa unayo mkononi kwa maandishi. Yasome pole pole. Kama kuna mzee nyumbani ambaye macho yake yamechoka, umsomee kwa sauti.

Leo hatusemi juu ya bunduki. Tunasema juu ya mlima na juu ya hesabu. Labda utauliza: mlima na hesabu vina nini na amani? Fikiri kidogo. Mahali penye vita, kila hatari inatafutiwa mwenye kosa. Nyumba ikiungua, watu wanauliza ni kabila gani limewasha. Mtoto akipotea, watu wanatazama jirani. Hata ardhi ikitetemeka, kuna mtu atakayesema kwamba wakubwa fulani wanaficha habari kwa faida yao. Uvumi unakimbia kuliko pikipiki. Lakini hatari iliyopimwa mbele ya watu wote, na hesabu yake ikaelezwa wazi, inauachia uvumi nafasi ndogo sana. Ndiyo sababu tunataka kukuhadithia namna wanadamu walivyojifunza kupima hatari kabla haijafika, mahali waliposhindwa, na mahali walipookoa watu.

Tuanze nyumbani. Tangu mwaka 1928 watu walijua kwamba ndani ya tundu la Nyiragongo kuna ziwa la moto. Mwaka 1948 Haroun Tazieff, mtu ambaye baadaye alijulikana dunia nzima kwa kazi ya volkano, alilitazama ziwa hilo kwa macho yake. Kwa miaka mingi usiku ulikuwa mwekundu juu ya Goma, na watu wakazoea. Kisha tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa lote la moto likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava ya Nyiragongo si nzito kama uji wa mahindi. Ni nyepesi, inatiririka kama maji. Siku hiyo mahali pengine ilishuka kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa. Nani anaweza kuikimbia kwa miguu? Hata tembo walikutwa njiani wakafunikwa. Juu ya hesabu ya wafu watu hawakubaliani: wengine wanasema 70, wengine wanasema mamia.

Mara ya pili ni tarehe 17 Januari 2002. Mara ya tatu ni tarehe 22 Mei 2021. Tutarudi kwa siku hizo. Kwanza shika tarehe tatu: 1977, 2002, 2021. Kati ya ya kwanza na ya pili ni miaka 25. Kati ya ya pili na ya tatu ni miaka 19.

Hapa ndipo watu wanapokosea upesi. Baada ya 2002 kuna waliosema: "Mlima unapasuka kila miaka 25, basi tulale usingizi mpaka 2027." Mlima haukungoja 2027. Mlima si basi la abiria lenye saa zake za kuondoka. Mwenye kupima hatari hasemi "utapasuka mwaka fulani". Anasema hivi: katika miaka 44 kutoka 1977 mpaka 2021 ubavu umepasuka tena mara 2, kwa hiyo, tukikadiria kwa mkono wa kawaida tu, kila mwaka kuna sehemu 1 hivi kati ya 20 kwamba utapasuka. Sehemu 1 kati ya 20 inaonekana ndogo. Mtu anasema, "Mwaka huu haitakuwa." Na mara nyingi anasema kweli. Lakini usihesabu mwaka mmoja. Hesabu miaka 10, muda wa mtoto aliyezaliwa leo kufika darasa la tano. Katika miaka 10 ile sehemu 1 kati ya 20 kwa mwaka inakuwa karibu 40 kwa 100. Hiyo haiko mbali na kutupa sarafu ya franga juu na kungoja uso gani utaanguka. Hii ni hesabu ya shule tu, si unabii. Wataalamu wanatia ndani vitu vingi zaidi: matetemeko, gesi, kimo cha ziwa la moto. Lakini hata hesabu hii ya shule inatosha kumuuliza mtu anayejenga kituo cha kuuzia petroli swali moja zuri: unajenga wapi?

Hesabu ya namna hii haikuanza kwa milima. Ilikua hasa mahali pa atomu. (Na tusidhani kwamba mambo ya atomu ni ya Wazungu peke yao: mtambo wa kwanza wa atomu katika Afrika ulianza kazi Kinshasa mwaka 1959, kwenye Chuo Kikuu cha Lovanium.) Katika Marekani watu walikuwa wakiogopa mitambo mikubwa ya umeme wa atomu. Waliuliza: inaweza kupasuka? Wakubwa walijibu: "Haiwezekani." Jibu hilo halikutosha. Basi profesa mmoja, Norman Rasmussen, pamoja na watu wengi, walifanya kazi ya miaka kadhaa, na mwaka 1975 wakatoa kitabu kikubwa cha hesabu.

Walifanya nini? Walichora miti. Si miti ya kupasua kuni, ni miti ya karatasi. Weka shina: bomba la maji limetoboka. Kutoka hapo yanatoka matawi mawili: pampu ya akiba inaanza kufanya kazi, au haianzi. Kama haianzi, tena matawi mawili: mfanyakazi anaona, au haoni. Na kila tawi linapewa sehemu yake: pampu inakataa mara ngapi kati ya mara elfu moja? Mfanyakazi aliyechoka usiku anakosa kuona mara ngapi kati ya mara mia? Kisha unazidisha tawi kwa tawi mpaka unafika kwenye ncha, na pale kwenye ncha unakuta maafa pamoja na ukubwa wa uwezekano wake.

Kitabu hicho kilisemwa vibaya sana. Mwaka 1978 wataalamu wengine walikichunguza, wakasema hesabu zake zinajionyesha kuwa na hakika kupita kiasi, ingawa njia yenyewe ya miti ni nzuri. Mimi naona walisema sawa katika mambo yote mawili. Lakini kulikuwa na jambo moja ndani ya kitabu ambalo watu wachache walilishika. Wote walikuwa wakiogopa bomba kubwa kupasuka kwa kishindo. Miti ilionyesha kwamba hatari kubwa zaidi iko kwenye mambo madogo: tundu dogo, kifuniko kidogo, kosa dogo la mtu. Tarehe 28 Machi 1979, kule Three Mile Island katika Pennsylvania, kifuniko kimoja cha kupunguzia nguvu ya mvuke kilifunguka kikakataa kufunga. Taa ya chumbani iliwadanganya wafanyakazi, wakadhani kimefungwa. Maji yakaisha pole pole, na nusu hivi ya moyo wa mtambo ikayeyuka. Bomba kubwa halikupasuka. Tafadhali ukumbuke kifuniko hiki tutakapofika Goma.

Na kitu kingine kutoka huko huko Marekani. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha angani Challenger kiliharibika hewani, wakafa watu 7. Mwanasayansi Richard Feynman alipouliza habari, alikuta kwamba wakubwa wa kazi walikuwa wakisema uwezekano wa kupoteza chombo ni 1 kati ya 100,000. Mafundi, wale wenye kushika vyuma kwa mikono, walisema ni karibu 1 kati ya 100. Kazi ni moja, chombo ni kimoja, hesabu mbili. Nani alikuwa karibu na ukweli? Wewe unayeishi katika inchi yetu hauhitaji kuambiwa.

Sasa turudi kwa milima ya moto. Mwaka 1976, katika kisiwa cha Guadeloupe, kilicho cha Ufaransa, mlima La Soufrière ulianza kutoa moshi na kutetemesha ardhi. Wakubwa waliwahamisha watu wapata 70,000 kwa miezi zaidi ya mitatu. Lava haikutoka. Yule Tazieff wetu wa Nyiragongo alikuwa amepinga kuhama, akabishana na wenzake mbele ya magazeti, na mwisho mlima ukampa haki. Watu walirudi na hasira: mashamba yamekufa, biashara zimekufa, juu ya kitu ambacho hakikuja.

Ubaya wa habari hiyo ulionekana miaka tisa baadaye, mbali sana na pale. Katika Kolombia kuna mlima wenye barafu juu, Nevado del Ruiz. Mwaka 1985 wataalamu walichora ramani ya hatari, na ramani hiyo ilitoka mwezi wa kumi. Mji wa Armero ulikuwa umewekwa wazi kabisa katika njia ya matope. Wakubwa walisitasita: tukiwahamisha watu bure, nani atalipa? Tarehe 13 Novemba mchana majivu yalianza kuanguka juu ya mji, na watu waliambiwa watulie, wakae majumbani, hata kwa redio waliambiwa hivyo. Sisi wenye kusema redioni tunapaswa kuisoma habari hii mara mbili. Saa tatu usiku mlima ulipasuka, barafu ikayeyuka, na matope yakashuka mabondeni. Yalifika Armero karibu saa tano na nusu. Kulikuwa na saa mbili na zaidi za kupanda kilima kilicho karibu. Walikufa watu wapata 23,000.

Basi unaona mtego. Ukionya na kitu kisije, watu wanakuita mwongo. Usipoonya na kitu kikaja, unazika mji mzima. Ukikaa na maneno mawili tu, "kitakuja" na "hakitakuja", hautoki kamwe katika mtego huo. Kuna neno la tatu, na ndilo tunalolitafuta: "kinaweza kuja, na uwezekano wake ni kiasi hiki."

Mkulima wa Masisi analijua neno hilo ingawa hakusoma kitabu cha Rasmussen. Ameanika maharagwe. Wingu linatokea upande wa ziwa. Hajui kama mvua itanyesha. Anaangalia: wingu la namna hii linanyesha mara tatu kati ya kumi. Kutoa maharagwe ni kazi ya nusu saa. Maharagwe yakilowa ni hasara ya mwezi. Anayatoa. Mvua isiponyesha, mke wake hamwiti mwongo. Kesho wingu likija atayatoa tena.

Njia hiyo ilijaribiwa sawasawa mwaka 1991 katika Ufilipino, kwenye mlima Pinatubo. Mlima ulikuwa umelala miaka mia tano hivi, na watu wengi hawakujua hata kama ni volkano. Tarehe 2 Aprili ulianza kupiga mvuke. Wataalamu wa Ufilipino, chini ya Raymundo Punongbayan, na wenzao kutoka Marekani, kama Chris Newhall, waliweka vyombo haraka, wakachora mti wao: je, moto wenyewe utapanda au hautapanda? Ukipanda, mpasuko utakuwa mdogo au mkubwa? Ukiwa mkubwa, utafika mji gani? Kila siku vyombo vilipoleta habari mpya, walibadilisha sehemu za matawi. Tena hawakubaki na karatasi. Waliweka ngazi 5 za onyo ambazo kila mtu anaweza kuzishika, na waliwaonyesha wakubwa na watu wa vijiji sinema ya volkano iliyotengenezwa na Maurice na Katia Krafft, mume na mke waliopoteza maisha tarehe 3 Juni mwaka huo huo kwenye mlima Unzen kule Japani. Watu wakaona kwa macho kitu kinachoitwa wingu la moto. Tarehe 15 Juni Pinatubo ulipasuka kwa nguvu ambayo dunia haikuiona kwa miaka mingi, tena siku ya tufani. Walikufa mamia, wengi wao kwa paa zilizoangushwa na majivu yaliyolowa. Lakini inakadiriwa kwamba onyo liliokoa watu wasiopungua 5,000.

Hata hivyo tusiipambe habari hii. Watu wa kabila la Aeta, wenyeji wa mlima ule, walihamishwa katika kambi, na huko watoto wao wengi wakafa kwa surua. Mti wa wataalamu ulikuwa na tawi la moto, na tawi la majivu, na tawi la matope. Tawi la surua lilikuwa fupi mno.

Na katika kisiwa cha Montserrat, ambako mlima wa Soufrière Hills ulianza mwaka 1995, wataalamu waliweka hesabu za uwezekano kwa kuulizana mmoja mmoja. Hata walipimana kwanza kwa maswali yenye majibu yanayojulikana, ili yule anayejua mwisho wa ujuzi wake asikilizwe zaidi kuliko yule mwenye sauti kubwa. Wakafunga sehemu ya hatari. Tarehe 25 Juni 1997 watu 19 walikufa ndani ya sehemu iliyofungwa. Wengine walikuwa wamerudi kwa mashamba yao. Walikuwa wajinga? Hapana. Mtaalamu alihesabu mlima. Mkulima alihesabu mlima na njaa.

Sasa Goma, tarehe 17 Januari 2002. Mji ulikuwa mikononi mwa RCD, inchi imegawanyika, feza za serikali hazikufika kwenye kituo cha uchunguzi wa volkano. Hata hivyo wataalamu wa kituo hicho, na kati yao Dieudonné Wafula, walikuwa wameona dalili miezi kadhaa mbele: matetemeko, joto, moshi mahali usipozoea kutoka. Walionya. Onyo lao halikuwa na mkono wa kulishika. Hapakuwa na serikali moja ya kuliamuru, wala njia zilizopangwa, wala watu waliofundishwa. Asubuhi hiyo ubavu wa kusini ulipasuka toka juu mpaka Munigi, karibu kabisa na mji. Lava ilipita katikati ya Goma, ikakata uwanja wa ndege, ikafunika karibu sehemu 13 kwa 100 ya mji, na usiku ikaingia ziwani. Watu wapata 120,000 walibaki bila nyumba. Laki tatu na zaidi walikimbilia Gisenyi.

Wataalamu wa inchi za nje walishangaa kwa jambo moja: siku mbili tatu baadaye watu walianza kurudi, wakikanyaga makoro yenye moto bado, na magodoro kichwani. Walikataa kambi. Magazeti ya mbali yaliandika kana kwamba ni ukaidi. Lakini mama wa Goma alikuwa na mti wake wa hesabu. Alikuwa ameona mwaka 1994 namna kambi za wakimbizi zilivyojaa kipindupindu, namna maelfu walivyofukiwa kando ya barabara. Aliijua vita. Aliwajua wezi wanaoingia katika nyumba tupu. Akaweka lava upande mmoja na vitu hivyo vyote upande mwingine, akarudi nyumbani. Mtu anayetaka mama huyu ahame siku nyingine asimfundishe kwanza habari ya volkano, anayoijua. Amhakikishie maji safi kule anakokwenda, na ulinzi wa nyumba kule anakotoka.

Na kile kifuniko cha Three Mile Island? Tarehe 21 Januari 2002, siku nne baada ya mpasuko, mahali pa petroli pakalipuka katikati ya mji. Watu walikuwa wamekuja kuchota petroli. Makumi wakafa dakika moja. Hakuna hakika ya hesabu yote ya wafu wa siku zile, lakini sehemu kubwa ilitoka katika mlipuko huo mmoja, siyo katika mto wa lava ambao dunia nzima iliupiga picha.

Basi na 2021. Jumamosi tarehe 22 Mei, saa moja jioni hivi, mbingu ikawa nyekundu. Mkoa ulikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu mwanzo wa mwezi huo. Msaada wa Benki ya Dunia kwa kituo cha uchunguzi ulikuwa umekwisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kituo kilikosa hata intaneti ya kupokea habari za vyombo vyake. Ilirudi mwezi wa nne tu. Watu wengi wanasema: kama feza zingekuwepo, tungeonywa. Ukweli ni mgumu kuliko hivyo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mara hii moto ulikuwa tayari karibu na uso wa mlima, ukuta ukapasuka wenyewe, na vyombo vilipata dalili za kwanza dakika 40 hivi tu mbele ya lava kutoka. Hata kituo tajiri kingekuwa na dakika 40.

Lava ilisimama kando ya mji, upande wa Buhene, baada ya kumeza vijiji na maelfu ya nyumba. Mji wenyewe haukuguswa sana. Sikiliza sasa hesabu ya kwanza ya wafu iliyotangazwa na serikali: watu 15. Kati yao 9 walikufa katika ajali ya gari wakikimbia. Wanne walikuwa wafungwa waliojaribu kutoroka gereza la Munzenze. Walioungua na moto ni 2. Siku zilizofuata wengine walikufa kwa hewa mbaya walipovuka lava iliyokuwa ikipoa, na hesabu ikapanda mpaka 30 na zaidi. UNICEF ilisema watoto zaidi ya 150 walitenganishwa na wazazi wao usiku ule, na wengine zaidi ya 170 hawakujulikana waliko.

Tazama matawi hayo, ndugu msomaji. Barabara. Mlango wa gereza. Mkono wa mtoto ulioachiliwa gizani. Haya hayahitaji chombo cha kupima tetemeko. Dakika 40 ni kidogo sana kwa mji ambao haukujipanga, na ni nyingi kwa avenyu inayojua njia yake. Mti huu unaweza kuchorwa na shefu wa kartiye pamoja na mama wa soko, mwalimu na vijana wa chukudu, kwa kalamu moja na daftari moja. Nani ana mgonjwa asiyetembea? Watoto wa shule fulani wanakutana na wazazi wapi? Magari yanapita njia gani na watu wa miguu njia gani? Bidoni za petroli zinazouzwa kando ya barabara, zinaondolewa na nani? Kisha kila swali lipewe sehemu yake: tunadhani litakwenda vibaya mara ngapi kati ya kumi? Mahali penye 7 kati ya 10, anzeni pale.

Baada ya 22 Mei ardhi ilitetemeka siku nyingi, mipasuko ikaonekana katikati ya barabara, Goma na Gisenyi. Vyombo vilionyesha kwamba moto umesukuma chini ya mji na hata chini ya ziwa. Usiku wa tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi aliamuru kartiye 10 kati ya 18 zihame. Watu wapata 400,000 waliondoka: Sake, Rutshuru, Bukavu kwa mashua, Rwanda. Mpasuko wa pili haukuja. Mwezi wa sita watu walirudi, na wengi walisema maneno yale yale ya Guadeloupe: tulihamishwa bure. Mimi nasema hawakuhamishwa bure, kama vile maharagwe ya Masisi hayakutolewa bure. Lakini nasema pia kwamba hawakuambiwa vya kutosha. Mtu anayelala kanisani Sake na watoto sita ana haki ya kujua kwa nini, uwezekano ni kiasi gani, na kitu gani kitafanya amri ibadilike. Amri isiyo na hesabu ni mama wa uvumi.

Liko tawi moja ambalo watu wa pwani ya ziwa wanaliogopa kuliko yote, na si vizuri kulipita kimya. Katika vilindi vya Kivu kuna gesi nyingi iliyoyeyuka majini: kilometa za mraba-tatu, yaani za ujazo, karibu 300 za hewa ya kaboni na 60 za metani. Tarehe 21 Agosti 1986 ziwa Nyos kule Kameruni, ziwa dogo sana mbele ya Kivu, lilitapika hewa ya namna hiyo usiku na kuua watu wapata 1,700 na ng'ombe wao. Hewa ile ndiyo ile ile tunayoiita mazuku, inayolala katika mabonde ya Mugunga na Sake na kuua mbuzi, mara nyingine hata mtoto. Kandokando ya Kivu wanaishi zaidi ya watu milioni 2. Basi uwezekano? Wapimaji wa maji wanaonyesha kwamba gesi ya Kivu bado iko chini ya kiwango cha kujitapika yenyewe. Mwaka 2002 lava iliingia ziwani na maji ya vilindi hayakupinduka. Hivyo sehemu ya tawi hili ni ndogo sana. Lakini ncha yake ni kubwa kupita zote, na mahali penye ncha kubwa namna hiyo hauwezi kuacha kupima. Maji hayo yanapimwa upande wa Rwanda na upande wa Kongo, na kipimo cha upande mmoja peke yake ni nusu ya kipimo. Wataalamu wa pande zote mbili walipeana habari za matetemeko mwaka 2021, wakati ambapo wakubwa wao hawakuwa wakipatana katika mambo mengine.

Na hapa ndipo kazi ya amani inapogusa mlima kwa mkono. Vyombo vya kupima vimekaa porini, ubavuni mwa volkano, mahali ambapo watu wenye silaha wanapita. Kila chombo kina betri na bamba la jua. Bamba la jua likiibwa, mwizi anapata taa ya nyumba moja, na mji wa watu zaidi ya milioni moja unapoteza jicho. Mlima ulipasuka wakati wa Mobutu, ukapasuka wakati wa RCD, ukapasuka wakati wa utawala wa kijeshi. Haukuuliza nani anakaa katika ofisi ya gavana. Watu wa kijiji kilicho karibu na chombo, wa kabila lolote, wakikubaliana kukilinda, wanalinda pia watoto wa watu wasiopatana nao.

Kwenye mji wa Goma kituo cha uchunguzi huonyesha hali ya mlima kwa rangi: kijani, manjano, rangi ya chungwa, nyekundu. Watu wengi wanaijua nyekundu tu. Manjano ndiyo rangi ya kazi. Siku za manjano ndizo siku za kumuuliza shefu wa avenyu lile daftari, za kufundisha watoto jina la baba, la mama na la kartiye, za kujua mlango gani wa shule unafunguka kwa nje. Kule Birere nyumba nyingi za leo zimesimama juu ya makoro ya 2002, na ukichimba msingi unakuta bati la nyumba ya zamani limekunjwa ndani ya jiwe.

Mazungumzo yajayo yatakuwa juu ya visima na kipindupindu. Watakaopenda kuchora mti wa avenyu yao wauchore kwanza kwa penseli, sababu matawi yatabadilika.